Mwizi Akitoka Nyumba ya Dini Mbili

Ng'ambo na Isevya, hapa Tabora mjini, si ajabu baba akawa msikitini Ijumaa na mama kanisani Jumapili, na watoto wakala pilau la Idi na la Krismasi kwa hamu ileile. Kijana wa nyumba hiyo akinaswa na simu ya jirani, maneno huanza. Kwa kina baba: "Mama yake ndiye aliyemkatisha madrasa." Kwa kina mama: "Angebatizwa, asingekuwa hivi." Kosa la mtu mmoja limeshakuwa la dini nzima, na aliyeibiwa bado amekaa barazani anasubiri simu yake.

Yaishe nyumbani au yaende polisi?

Wanaosema yaishe nyumbani wana hoja nzito. Kesi ikifunguliwa, simu hubaki kituoni kama kielelezo, na mwenye nayo hufunga genge lake kila anapoitwa kutoa ushahidi. Kijana naye akichanganywa mahabusu na wezi wazoefu, atatoka na ujuzi mpya. Nyumbani mama hufungua fundo la kanga, wazee wakaongea, jioni jirani ana simu yake. Sheria yenyewe haina pupa na watoto: aliye chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa jinai, na wa chini ya 12 mpaka ithibitishwe alijua anakosea.

Ila vikao hivyo huangalia sana nani kaibiwa. Akiwa mzee wa mtaa, watakaa usiku huohuo. Akiwa muuza karanga aliyepanga chumba, hana ukoo hapa, ataambiwa asubiri kesho, na kesho haifiki. Hasira kama hiyo hulimbikizana, na siku kijana akidakwa sokoni na watu wasiomjua kwao, hakuna kikao tena, ni mawe na tairi. Huku Unyamwezini na Usukumani tulishaona pale polisi waliposhindwa: sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji wenyewe, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 wakatambuliwa kisheria. Wizi ulipungua, kweli, lakini walipigwa hata wasio na hatia, wakiwemo vikongwe waliosingiziwa uchawi.

Mimi naona wizi mdogo wa mara ya kwanza uishie nyumbani, mradi aliyeibiwa ameridhika na mwenyekiti wa mtaa ameandika. Kisu kikitumika au mlango ukivunjwa, polisi, hata kama ni mtoto wa shehe au wa mchungaji. Wanandoa wakigombana kwa sababu ya mtoto, Sheria ya Ndoa ya 1971 imewawekea baraza la usuluhishi. Huko wapeleke ugomvi wao, si wizi.

Fidia ndiyo inayonisumbua zaidi. Mara nyingi hulipwa na mama, kwa siri, kutoka mtaji wa vitumbua. Baba akigundua, nyumba inawaka upya na dini zinatajwa tena. Ailipe kijana mwenyewe, kwa kubeba mizigo sokoni, na baba aambiwe siku hiyohiyo.