Kusafisha kodi (code) ya U-Boot sawa, ila nani anaiwasha hiyo bodi?

U-Boot ndo butiloda, yaani programu ya kuwashia mashine, inayoamka mapema kabisa kwenye ruta na bodi ndogo nyingi (kompyuta za saketi moja), inaandaa RAM, inatafuta keneli, ile roho ya mfumo endeshi kama Linux, inaikabidhi mashine. Wolfgang Denk aliianza kama PPCBoot, 2002 ikachukua jina la U-Boot, so kodi imerundikana miaka zaidi ya 20 na wasimamizi hawaachi kufagia: bodi nyingi ambazo hazikuhamia mfumo mpya wa draiva uliokuja 2014 zimefutwa, mipangilio iliyokuwa imetawanyika kwenye maheda (mafaili ya .h) imehamishiwa Kconfig, menyu moja ya kuchagua mipangilio.

Mi nawaelewa. Fungua faili la bodi ya zamani, unakuta #ifdef (alama ya "weka kodi hii ikiwa mpangilio fulani upo") ndani ya #ifdef ndani ya nyingine tena, hujui mstari upi unaingia kwenye bodi yako na upi umekufa kitambo. Na kodi ambayo hamna mtu anaijaribu kuiacha pale ni kumdanganya mtu kwamba inasapotiwa.

Ila wanaosema "ikiwaka usiiguse" nao wana hoja nzito. Programu ya kawaida ikigoma unaifuta unaweka nyingine, butiloda ikigoma hamna kitu, unafungua kava, unaunganisha waya wa siriali, na kama hata herufi moja haitoki inabidi ubane chipu ya flashi kwa klipu uiandike upya na programa. Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, anaweza, shule ya Makete yenye ruta moja hiyo ruta ndo inapakiwa kwenye basi kuja mjini. GRUB wenyewe, butiloda ya kompyuta nyingi za Linux, 2020 walirekebisha tundu la usalama la BootHole, ambalo kweli lilikuwa hatari, na apdeti zake zikafanya baadhi ya mashine zenye Linux ya Red Hat zisiwake kabisa. Halafu kuna SPL, kile kipande cha kwanza kinachotakiwa kikae kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani ya chipu, unaunganisha fankisheni mbili ili kodi ipendeze, inaongezeka kidogo tu, haitoshi tena.

Kwa hiyo kinachonisumbua sio kufuta. Bodi iliyofutwa kwenye mradi haizimiki huku kwetu, inaendelea kuwaka na kodi yake ya zamani ipo kwenye Git, kumbukumbu ya mabadiliko yote ya mradi, inachokosa ni marekebisho yajayo. Kinachonitisha ni pachi (badiliko la kodi) ya "usafi tu" ambayo kumbe imebadilisha na kazi, imepita bila mtu mwenye hiyo bodi kuiwasha, ukija kutafuta tatizo kwa git bisect, amri inayosaka pachi iliyoharibu, unaangukia kwenye pachi moja yenye mambo kumi. Usafi uje peke yake, kidogo kidogo.

Na sisi tusisubiri tu. Vijana wa MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya) na Iringa wenye bodi za zamani, toleo linatoka kila miezi mitatu na kabla yake zinatoka rc za majaribio, zijaribuni hizo kwenye bodi ya mezani waya wa siriali ukiwa umeshaunganishwa, ikigoma waandikieni wasimamizi toleo halijatoka.