Filamu za kupakwa rangi kwa mkono: Lubumbashi ichukue nini?

Mchoraji wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye simu na mega za intaneti za kutosha anaweza leo kutazama filamu zilizotengenezwa bila kamera. Len Lye alipaka rangi juu ya utepe wenyewe wa filamu huko Uingereza mwaka 1935. Mwaka 1949, Norman McLaren na Evelyn Lambart wakafanya hivyo Kanada wakifuata piano ya Oscar Peterson. Katika sehemu nyingine za filamu hiyo walipaka utepe mrefu mfululizo bila kujali mpaka wa picha moja na nyingine, na vumbi lililonasa kwenye rangi likaachwa lionekane. Je, mtu anayetaka kutengeneza katuni hapa Lubumbashi ana la kujifunza humo?

Wanaokataa wana hoja, na ya fedha ndiyo nzito. Tunaambiwa hii ni sanaa ya gharama ndogo. Lakini Lye alifanyia kazi kitengo cha filamu cha posta ya Uingereza, na McLaren alikuwa mwajiriwa wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Rangi ilikuwa rahisi kwa sababu muda wao ulilipiwa na serikali. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika. Mtu ambaye bukari (ugali) ya leo inatokana na turubai aliyouza jana atazichora saa ngapi? Halafu watazamaji wetu wanapenda kisa. Mkongo mwenzetu Jean-Michel Kibushi, katika filamu yake ya 1991, aliwapa hadithi ya chura aliyekwenda ukweni, si madoa yanayocheza.

Nakubali yote hayo, ila naona tunasahau Hangar, karakana ya uchoraji iliyoanzishwa hapa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville. (Mzungu huyo hakutaka wachoraji waige Ulaya, kama hilo lilikuwa uhuru au kizuizi kingine, watu bado wanabishana.) Bela, mmoja wa wachoraji wa Hangar, alipaka kwa ncha za vidole. Mwenzake Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, ikigeuza upande kutoka mwili wa mnyama hadi ardhini. Sasa rudia mnyama kama huyo mara sita kwa mkono. Hakuna mstari utakaoangukia palepale, na ukizipitisha picha haraka, ngozi itatetemeka yenyewe. Kasoro ambayo kompyuta ingeisafisha ndiyo inayoleta uhai.

Kwa hiyo nisingeiga madoa ya McLaren. Ningechukua ubahili wake. Mwaka 1955 alikwangua michoro kwenye filamu nyeusi na kuacha sehemu kubwa ya utepe bila kitu, jicho la mtazamaji likajiungia lenyewe. Nasi utepe hatuuhitaji: karatasi na kamera ya simu vinatosha, na kuchora mchana hakungoji umeme urudi. Sekunde 20 kwa picha nane kila sekunde ni michoro 160, na ikichorwa kwenye karatasi za ukubwa wa kutosha, kila mmoja unaweza kuuzwa baadaye peke yake. Muziki uchaguliwe kwanza, maana McLaren na Lambart walipaka kwa kuufuata. Tatizo ni kwamba kwa vidole vya mwanamuziki Jean Bosco Mwenda vinavyokimbia kwenye gitaa, picha nane kwa sekunde huenda zisitoshe.