Kasi ya mfumo ipimwe mkononi mwa mtu wa Kibaigwa

Dodoma ya siku hizi haiishiwi uzinduzi wa mifumo. Wizara zimehamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kazi wanaijua, na kila taasisi inataka tovuti na aplikesheni yake. Siku ya uzinduzi mambo ni mazuri: kompyuta mpya, waifai ya ofisi, ukurasa unafunguka chap kwenye projekta, watu wanapiga makofi. Ukiuliza baada ya miezi kadhaa mfumo unakwendaje kwa watu wa Mpwapwa au Chemba, unajibiwa kwamba seva, yaani kompyuta kuu inayobeba mfumo, iko hewani.

Jibu hilo halinitoshi hata kidogo. Seva inaweza kujibu ndani ya nusu sekunde na mtu bado akasubiri sekunde ishirini, maana muda mwingi unaliwa baada ya hapo. Unaliwa na mnara uliozidiwa na watu, na mafaili mazito ya JavaScript, yale maelekezo yanayouendesha ukurasa ndani ya simu, na simu ya bei nafuu inayohangaika kuyafungua. Yote hayo yanatokea mkononi mwa mtumiaji, mahali ambapo seva haioni.

Kwenye soko la mahindi Kibaigwa nilikaa na mama mmoja mnunuzi, akawa ananionyesha aplikesheni anayoandikia mzigo wake. Akajaza idadi ya magunia, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kimya. Kitufe hakikubadilika rangi, wala hakikutokea kile kiduara cha kuzunguka. Akabonyeza tena, na tena, kidole gumba kimejaa vumbi la magunia. Skrini ilipozinduka, mzigo mmoja ulikuwa umeingia mara tatu.

“Mwanangu, hiki kitu kinanihesabia magunia ambayo sijanunua,” akaniambia, huku anafuta moja moja.

Sasa fikiria wenye aplikesheni wakifungua kumbukumbu za seva yao jioni ile. Wataona maombi matatu, yote yamefanikiwa, yote yamejibiwa haraka. Kwao mambo ni shwari. Simu ya yule mama ndiyo pekee iliyojua kilichotokea, na hakuna aliyeiuliza.

Kuiuliza kunawezekana, tena siyo kazi ya ajabu. Vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, vina saa ndani yake: vinajua ukurasa ulianza lini kuja, ulionekana lini, na mtu alipogusa kitufe skrini ilichukua muda gani kuitika. Kipande kidogo cha programu kinazikusanya namba hizo na kuzituma mtu anapofunga ukurasa. Google wameweka mipaka inayofahamika: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200. Kipimo hiki cha mguso kiliingia rasmi Machi 2024, kikachukua nafasi ya kile kilichotazama mguso wa kwanza peke yake. Kwangu mimi ndicho cha kwanza kutazamwa, kwa sababu kinatazama tatizo lile lile lililompata mama wa Kibaigwa. Kwa upande wa aplikesheni, Android yenyewe inahesabu programu kuwa imeganda ikikaa sekunde 5 bila kuitikia mguso, na msanidi anaonyeshwa hata ni aina gani za simu zinazoteseka zaidi.

Ila namba zikishafika, tafadhali zisisagwe kuwa wastani. Google wanatazama asilimia 75: wapange watumiaji mia kuanzia mwenye kasi hadi anayesubiri sana, kisha msome wa sabini na tano. Mimi ningesogea hadi wa tisini na tano, halafu nigawe kwa wilaya, aina ya simu na aina ya mtandao. Wastani wa mkoa utabebwa na watu wa Area D na ofisi za mjini, na Kondoa vijijini itafunikwa humo humo.

Tena wastani unaweza kukudanganya kinyumenyume. Mhandisi Chris Zacharias, alipokuwa YouTube, aliupunguza ukurasa wa kutazama video kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100. Akategemea muda wa kusubiri ushuke. Ukapanda! Walipozigawa takwimu kwa maeneo, wakakuta watumiaji wapya wengi wa Afrika, Amerika Kusini na Asia ya Kusini-Mashariki. Zamani ukurasa ungewachukua zaidi ya dakika 20, kwa hiyo hawakuwa wakiutumia. Sasa ulifunguka kwa dakika mbili na ushei, wakabaki. Muda wao mrefu ndio ulioupandisha wastani.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu wale waliokuwa wakishindwa kuufungua ukurasa ni watu kama sisi. Aliyekata tamaa kabla ukurasa haujafunguka hatumi kipimo chochote, kwa hiyo ripoti inajaa walioweza tu. Linganisha idadi ya kurasa ambazo seva ilizitoa na idadi ya vipimo vilivyorudi, ujue wangapi wamepotea njiani. Kwenye aplikesheni, kipimo kihifadhiwe kwenye simu kitumwe mtandao ukirudi. Ripoti ya bure ya Chrome kuhusu kasi ya tovuti, iliyoanza 2017, inasaidia, lakini tovuti yenye wageni wachache haimo, na mifumo yetu mingi ni ya namna hiyo.

Wapo watakaouliza kuhusu faragha, na wana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kupima kasi hakuhitaji jina wala namba ya simu ya mtu. Wilaya, aina ya simu, aina ya mtandao na sekunde zinatosha. Na kipimo chenyewe kiwe chepesi, bando ni la mwananchi.

Ninachoomba kwa wanaoandika zabuni hapa Dodoma ni kifungu kimoja kwenye mkataba: malipo ya mwisho yasitoke mpaka mkandarasi alete vipimo vya miezi mitatu kutoka kwenye simu za watumiaji wenyewe, wilaya kwa wilaya, pamoja na idadi ya walioanza kufungua mfumo wasifike mwisho.