Nani aliiua 5mm Remington?

Katika simulizi za bunduki ndogo za kuwindia, 5mm Remington Rimfire Magnum hutajwa kama risasi iliyokufa kwa kutofaa. Takwimu zake zinakataa. Ilipoingia sokoni Marekani karibu na 1970, ilirusha kichwa cha risasi cha gramu 2.5 kwa mita 640 kwa sekunde, ikaiacha nyuma risasi ya .22 Magnum ya kampuni ya Winchester iliyokuwa ikitamba tangu 1959.

Kampuni ya Remington nayo ina hoja ya kuiacha. Bunduki walizoitengenezea, Model 591 na 592, hazikuzidi sana 52,000 hadi zilipositishwa 1974. Kwa kiwanda kikubwa kama kile, hiyo si biashara.

Lakini mfikirie aliyekwisha kununua. Risasi ya aina hii (rimfire) haina fataki, yaani kikombe kidogo cha dawa ya kuwashia baruti, ya kuchomoa. Dawa ya kuwashia hufichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini huugonga ukingo huo hadi ukabonyea. Okota ganda lililotumika: utaliona kovu pembeni, na halirekebishiki. Mwenye risasi ya fataki ya katikati huokota maganda yake, akatia fataki mpya, baruti na kichwa, akarudi porini. Huyu wa 5mm hutegemea kiwanda kwa kila mlio. Kiwanda kilipoacha kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, bunduki nzima, isiyo na hitilafu hata moja, ikabaki chuma cha kutundika ukutani. Boksi zilizosalia zikaangukia mikononi mwa wakusanyaji, ambao hawana haja ya kuzifyatua!

Mwaka 2002 kampuni ya Hornady ilileta risasi nyingine ndogo, .17 HMR. Nguvu yake inapotoka mtutuni haifiki robo tatu ya ile ya 5mm, ila walichukua ganda la .22 Magnum lililokwisha kuzoeleka na kulibana mdomo tu. Mtengenezaji mwenye bunduki ya .22 Magnum alihitaji kubadili mtutu, basi. Remington walikuwa wamebuni ganda pana zaidi, lenye kuta za kuhimili msukumo mkubwa. Ubunifu mzuri, lakini washindani wangelazimika kugharimia mengi kuufuata, na wengi hawakujisumbua.

Kampuni ya Aguila ya Mexico iliposhika tena kazi ya kutengeneza risasi za 5mm, 2008, Model 591 changa kuliko zote ilikuwa na zaidi ya miaka 30, na .17 HMR ilikwisha kujaa madukani.