Spelingi mpya kwa jina la zamani: mzigo anaubeba nani?

Kuna ubishi hauishi, kila akizaliwa mtoto akapewa jina la siku zote lililoandikwa kivingine. Jackson imekuwa Jaxon, Emily imekuwa Emilee, basi watu vita. Hawa wanasema mnaharibu majina, wale wanasema mtoto wangu mwenyewe nyie kinawawasha nini. Mimi kwa kweli naona pande zote zina hoja ila zote zinakuza mambo.

Tuanze na hawa wa "spelingi sahihi". Chukua Catherine. Wagiriki walikuwa nalo kama Aikaterine, likaingia kwenye Kilatini kama Katerina, afu Wakristo wa zamani wakaona mbona linafanana na katharos, neno la Kigiriki lenye maana ya safi, wakachomeka h ikawa Katharina. Yani hiyo h mnayoitetea leo kuna watu waliiweka tu ili maana ipendeze, wana tofauti gani na mama anayeweka y? Na safari haikuishia hapo, Kifaransa cha kale kilikuwa na Cateline, Waairishi, watu wa Ireland, wakaichukua wakaandika Caitlín, na wao wanaitamka karibu na "Katlin" ile i ya mwisho wanaivuta, watu wa Kiingereza waliosikia hivyo wakaandika Kathleen. Baadaye sana wengine wakaiona Caitlin kwenye karatasi bila kuisikia kwa wenyewe, wakaisoma Kiingereza, "Keitlin", na hapo ndo wakatokea kina Kaitlyn na Katelyn na ukoo wao wote. Sasa hapo sahihi ni ipi? Jina lile lile limesikiwa vibaya, limesomwa vibaya, na kila kosa limezaa jina zuri.

Muhammad nayo ni hivyo hivyo ila sababu ni nyingine. Kwa Kiarabu ni herufi nne tu, mim, ha, mim, dali, irabu fupi haziandikwi. Ukilihamishia kwenye herufi za Kilatini lazima uziweke mwenyewe, na kila mtu anaweka kwa jinsi sikio lake linavyosikia na lugha aliyosomea, ndo unapata Muhammad, Mohammed, Mohamed. Hakuna aliyekosea. Ila takwimu hazijui hilo, kule Uingereza na Wales wanahesabu kila spelingi kama jina lake peke yake, mwaka 2023 Muhammad ilishika namba 1 kwa wavulana, watoto 4,661, huku Mohammed na Mohammad ziko chini huko kila moja na mstari wake kama vile hazijuani.

Na hapo ndo hao wanaokataa spelingi mpya wanapopata nguvu, maana kompyuta nayo inafikiria kama hiyo takwimu. Kwake herufi moja ikitofautiana ni mtu mwingine. Mimi jina langu lina h mwishoni ambayo haitamkwi, cheti kimoja wameiandika kingine wameiacha, na nimeshapanga foleni zaidi ya mara moja kueleza kwamba mimi ni mimi. Hiyo ni h moja tu na ni ya kawaida kabisa! Na usije ukadhani vidoti na alama vinakusaidia, pasipoti ule mstari wa chini unaosomwa na mashine herufi zake ni A mpaka Z basi, Zoë anaingia uwanja wa ndege akiwa ZOE.

Hoja ninayoikataa moja kwa moja ni ile ya "nataka awe wa kipekee". Wa kipekee wapi? Mwalimu akiita "Jackson!" wanageuka Jackson, Jaxon na Jaxson wote watatu. Upekee upo kwenye karatasi tu, na kwenye karatasi ndiko unakoleta shida. (Jackson yenyewe kwanza ilikuwa jina la ukoo, mtoto wa Jack, kwa hiyo hata huyo anayeitetea kama jina la mababu apunguze sauti kidogo.)

Ila kubadilisha kwa ajili ya kurahisisha, hiyo naielewa. Siobhán linasomwa karibu na "Shivon", na mzazi anayeishi mbali na wanaojua Kiairishi akiamua kuandika Shivaun sioni kosa, kamwokoa mtoto na maswali ya maisha yake yote. Kuna watakaosema amekata mzizi, na kweli kuna kitu kimepotea, maana jina lina lugha yake ndani na ukiligeuza kwa ajili ya wageni ni kama umewapa wageni ndo wenye jina. Hili sina jibu lake, familia iamue, tofauti na Emilee ambayo haimrahisishii mtu yeyote chochote.

Kwangu mimi ni maswali mawili tu. Mtu akilisikia kwenye simu ataliandika kwa kubahatisha mara ngapi, na akiliona limeandikwa atalitamka vipi. Sarah au Sara ni swali moja, "na h au bila h", yamekwisha. Kathryn mbili labda. Ukifika swali la nne hapo mtoto umempa kazi, na hajaomba.

Mimi h yangu siitoi, nimeizoea. Ila wanangu wote nimewapa majina ambayo karani hainui kichwa kuniuliza.