Je, R Inafaa kwa Aljebra ya Herufi?

Lugha ya kompyuta ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ilitungwa kwa ajili ya takwimu, na hesabu zake nyingi huendeshwa kwa desimali zenye ukomo. Ndiyo maana ukiiuliza kama sqrt(2)^2 ni sawa na 2, hujibu FALSE. Aljebra ya herufi, yaani hesabu inayofanywa kwa alama badala ya namba, hutaka kipeuo kibaki kipeuo, na p ibaki p mpaka mwenyewe uipe thamani.

R ina amri ya D ya kutafuta derivativu (kasi ya badiliko la fomula), lakini hairahisishi jibu ipasavyo. Ukiipa exp(-x^2/2), hurudisha -(exp(-x^2/2) * (2 * x/2)), zile 2 mbili zikiwa hazijakatwa. Kwa hiyo vifurushi (nyongeza za R) kama Ryacas na caracas huazima injini ya nje ya kufanyia aljebra. Caracas hutumia SymPy, programu ya aljebra ya herufi iliyoandikwa kwa Python, lugha nyingine ya kompyuta.

Wanaopinga uazimaji huo wana hoja nzito. Mtumiaji hulazimika kusakinisha Python na kuhakikisha matoleo yanapatana, na hitilafu ikitokea, ujumbe wake huja kwa lugha ambayo huenda haijui. Tena modeli nyingi, ikiwemo regresheni ya lojistiki (modeli ya kukadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana), kwa kawaida hazina jibu la fomula, hivyo makadirio hutafutwa kwa namba hatua kwa hatua.

Hata hivyo, mimi naona faida ni kubwa pale fomula inapokwenda moja kwa moja kwenye data. Tuseme majaribio n yamezaa mafanikio x, na tunatafuta uwezekano p. Fomula x log(p) + (n-x) log(1-p) hupima jinsi p inavyoafikiana na data; derivativu yake ikiwekwa sawa na sifuri, p huwa x/n, na derivativu ya pili hutupatia kadirio la variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya kadirio hilo, p(1-p)/n. Fomula hiyo ikigeuzwa kuwa fanksheni ya R papo hapo, hakuna anayeinakili kwa mkono, na kwa uzoefu wangu alama ya kutoa hupotea hasa wakati wa kunakili. Hata kwenye lojistiki, derivativu sahihi huiongoza kompyuta vizuri.

Mpaka wa aljebra hii ni ukubwa. Ditaminanti (thamani moja inayokokotolewa kutoka kwenye jedwali la mraba) ya matriki ya 5 kwa 5 yenye herufi tupu, ikifunguliwa, huwa na vijenzi 120. Ya 10 kwa 10 hufikia 3,628,800. Hapo ningeweka namba mapema, kabla ya kuianza aljebra yenyewe.