Acheni tushangae magari

Jumamosi iliyopita hapa Nagoya nilimkuta kijana wa Kijapani kwenye maegesho ya duka, mifuko kaiacha chini, anaizunguka gari ya mtu na simu mkononi. Akapiga picha ya mbele, akapiga ya ubavu, akachuchumaa kupiga ringi. Ugonjwa huo naujua, kwa hiyo nikasogea nione kimeshuka kitu gani. Land Cruiser 70! Hardtop! Ile ile ya mganga mkuu wa wilaya, ile ile ya askari wa wanyamapori, ila hii imeoshwa na haina mkonga wa kuvutia hewa juu.

Kwa yule kijana ilikuwa gari mpya, na ana haki. Toyota walianza kuitoa mwaka 1984, wakaacha kuiuza hapa kwao mwaka 2004, wakairudisha kwa muda mwaka 2014 kusherehekea miaka 30 yake, halafu Novemba 2023 wakaileta tena, safari hii kwa kudumu, injini ya dizeli ya lita 2.8 na gia otomatiki. Dogo amekua haioni barabarani, lazima aikodolee macho. Nilitaka nimwambie kwamba kwetu hiyo imebeba wagonjwa, maiti, masanduku ya kura na mbuzi wa Krismasi, wakati mwingine vyote ndani ya mwezi mmoja. Kijapani changu kikaishia kwenye "nzuri sana". Akainama, nikainama, basi.

Nilishinda siku nzima na furaha. Maana kwa muda wote niliokaa huku nilishaanza kuamini kwamba nchi hii inayajaza magari dunia nzima lakini haina mtu wa kuyashangaa.

Wa umri wangu mnaukumbuka mchezo wa "yangu, yako". Sisi tulikuwa tunakaa Kibaha kando ya Morogoro Road, kila mmoja na zamu yake, gari inayotokea ndiyo yako. Ukipata Peugeot 504 umetajirika. Ukipata trekta, au Land Rover 109 inayovutwa kwa kamba, utachekwa mpaka giza liingie. Tuliijua gari kwa mlio kabla haijachomoza, na hakuna aliyetufundisha.

Halafu zikaingia Mark II. GX100 kwanza, kisha GX110. Naikumbuka GX110 ya kwanza kuegeshwa mtaani kwetu, viti bado vina nailoni na mwenyewe ameapa haitoki mpaka ichanike yenyewe. Watu wazima na heshima zao walikuwa wanainama kuchungulia dashibodi. Redio inaishia 90, kwa hiyo stesheni zote za maana hazishiki mpaka ufungiwe kile kidude cha kuongezea mawimbi. Na yule dada anayeongea ukiwasha gari, aliyekuja na magari ya baadaye! Nimekuja kumjulia huku: anakukumbusha kwamba hujachomeka kadi ya barabara za kulipia. Tumemzungusha Mbagala na Tegeta miaka yote hiyo anadai kadi, mtoto wa watu, hakuna aliyemjibu.

Raha ninayoisema mimi ndiyo hiyo. Modeli mpya kwetu ni tukio la mtaa mzima. Fundi anatoa hukumu, dalali anataja bei ambayo hajaulizwa, mtoto anaandika jina lake kwenye vumbi la kioo cha nyuma. Huku? Prius mpya ilipotoka mwanzoni mwa 2023, ile iliyolala paa, vitasa vya milango ya nyuma vimefichwa juu pembeni ya kioo, nilisimamisha baiskeli katikati ya njia. Nikageuka kutafuta wa kumshika bega nimwambie "umeona?" Kila mtu na simu yake. Alphard ya Juni 2023 nayo ikapita hivyo hivyo. Crown, jina lililoanza mwaka 1955, ilirudi mwaka 2022 ikiwa imeinuliwa tumbo, si sedani tuliyoizoea tena. Kitu kama hicho kwetu kingegawa vijiwe. Hapa niliona bibi mmoja anaiendesha kwenda kununua vitunguu, na hakuna aliyemtazama zaidi yangu. Na bibi mwenyewe alinitazama vibaya.

Najua mnachoandika sasa hivi. "Sisi tumekaa kwenye foleni Kimara tangu alfajiri, huyu anatuletea habari za vitasa vya Prius." Jamani, sina gari. Narudia, mimi niliyeko Japani sina gari. Huku hawakusajilii mpaka uthibitishe una pa kuiegesha, na pa kuegesha mjini panalipiwa kila mwezi. Mimi ni mtu wa treni na baiskeli. Ninyi mnaonisema mna IST. Sasa nani anamringia nani?

Mwingine ataniambia ni ushamba, mtu mzima kushangaa magari ya watu. Kuna watu wazima wanashinda kutwa wakibishana Simba na Yanga, hawana hisa wala ndugu kikosini, na hawaitwi washamba. Mimi nikisema taa za nyuma za Harrier ya 2020 zimezizidi zile za 2013, naambiwa nina njaa. Na yupo yule wa "gari ni chombo tu cha kukufikisha". Huyo mchunguzeni. Kwenye harusi ndiye anayepaki mbele ya mlango wa ukumbi, namba ikiwatazama wageni.

Na hapo pa namba ndipo mnaponichosha. Nyumbani hatuangalii gari tena, tunasoma namba, ile herufi inayoonyesha imesajiliwa lini. Unamuuliza mtu kanunua gari gani, anakujibu "namba E". Namba E ndiyo gari gani? Kuna kitu cha mwaka 2008 kimeshuka bandarini juzi, kimepewa E yake, na mwenye nacho anamdharau wa gari ya 2015 kwa sababu ina D. Huku kibao kinaonyesha jina la eneo na tarakimu, umri wa gari husomi pale. Tena tangu mwaka 1999 mtu anaweza kujichagulia zile tarakimu nne, ndiyo maana GR86 ninazokutana nazo nyingi zimeandikwa 86. Ukitaka kujua gari ni ya lini lazima uitazame yenyewe: taa, grili, mkunjo wa bodi kwenye mlango. Macho tuliyokuwa nayo Kibaha tumeyauza kwa herufi moja.

Halafu lipo hili la kuchelewa, ambalo nikiligusa tu nashambuliwa. Gari ya Mjapani haiachwi kwa uchakavu, inafukuzwa. Ikiwa mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na huo ukaguzi, wenyewe wanauita shaken, unauma mfuko. Ya petroli ikipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Mwenye nayo anaona heri aipeleke mnadani, na sisi tupo tunaisubiri. Ikifika kwetu ikiwa imezidi miaka minane, TRA, watu wetu wa kodi, wanaiongezea ushuru wa uchakavu. Imekimbia kodi ya uzee huku, imeikuta imekaa inaisubiri bandarini. Wakenya wao wamefunga mlango kabisa, ikizidi miaka minane haiingii. Kwa hiyo ninayoyaona mimi nikienda kazini asubuhi ni magari ya Dar ya miaka minane, kumi ijayo. Hiyo si kejeli, ni ratiba ya meli.

Na kuchelewa kwenyewe kuna utamu wake, nitasema hata mkinitukana. Gari ikikaa kwetu tunaijua mpaka utumbo. Tunajua gia boksi yake inataka oili gani, inaanzia kuvuja wapi, spea ipi ya Vitz inaingia bila kukatwa. IST ilitoka mwaka 2002, ikasimamishwa 2016, na huku ukiona ile ya kwanza ujue siku yako ni nzuri. Dar ndiyo mji wenyewe unatembea ndani yake. Mjapani aliyeibuni sidhani kama anaijua kuliko fundi wa Ilala anayeifungua akiwa anaongea na simu. Hilo najivunia, na sioni aibu kulisema mbele ya Wajapani wenyewe, siku Kijapani kikinitosha.

Sasa kuna jambo limenikalia vibaya. Foleni hiyo ya miaka minane imevurugwa. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ameanza kunitumia picha za magari ya Kichina, mapya kabisa, yamepigwa Masaki. Modeli ambazo mimi, ninayekaa mkoa mmoja na makao makuu ya Toyota, sijawahi kuziona zikipita. "Anko, hii huko mnayo?" Mtoto ana adabu zake, lakini swali hilo nimelisikia lilivyo. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa natuma picha na yeye ndiye wa kuuliza. Juzi kaleta moja, taa ya nyuma ni mstari mmoja toka pembe hadi pembe, ikabidi niitafute mtandaoni kimya kimya kabla ya kumjibu. Nikamwambia hiyo taa si mpya, aangalie Prius ya 2023, nikampelekea na picha niliyopiga mwenyewe.

Kanijibu: "Sawa anko, hiyo tutaiona 2031. Hii imepaki nje ya saluni hapa."